Picha Uliyonikataza, Baba

Mpendwa Baba,

Ulinikataza. Naanza na hilo, ili atakayesoma barua hii asidhani hatukuelewana.

Jumamosi ile nilipanda Elburgon kukuona, lakini kichwani nilikuwa na kazi. Kampuni moja ya Nakuru ilikuwa imenunua jina la Korongo, ile brandi uliyokuwa ukiichanganya kiwandani ujanani, kabla sijazaliwa. Walitaka kuirudisha sokoni, na mimi ndiye niliyepewa kuitafutia hadithi ya kuwapa waandishi wa habari. Nikaiona picha yako ukutani sebuleni: wewe, koti jeupe, umeinua glasi kwenye mwanga, unacheka.

"Mami, hiyo iache," ulisema. Uliniita hivyo siku zote kwa kuwa nina jina la mama yako. "Hiyo pombe ilinizikia ndugu. Na sasa mimi ni mzee wa kanisa."

"Ni ya kuonyesha ofisini tu, Baba."

Ukaniamini. Uliitoa kwenye fremu mwenyewe, ukaifunga kwa gazeti isikunjike, ukanipa pamoja na viazi vya kubeba.

Mwezi uliofuata picha yako ilikuwa kwenye bango kubwa pale barabara inapoingia Nakuru, na kwenye kila chupa. Maneno niliandika mimi: "Mzee bado anaijua ladha yake." Wewe, ambaye sikuwahi kukuona ukionja hata bia. Ofisini walinipigia makofi.

Ulinipigia simu mara moja tu.

"Mami, huyo mtu wa kwenye bango ni nani?"

Nikacheka, nikakwambia watu watasahau. Hukugombana nami. Mama ndiye aliyeniambia kwamba wazee wenzako wa kanisa walikuita kikaoni, na kwamba tangu hapo ulikuwa unakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Hukuwaambia kuwa ulikuwa umekataa. Ulinisitiri.

Ningeweza kuomba bango lishushwe. Nikajiambia, acha Krismasi ipite kwanza. Wewe hukuifikia Krismasi.

Siku ya mazishi nilipewa kusoma wasifu wako. Niliweka karatasi chini nikasema, "Baba alikataa. Ile picha niliipata kwa uongo." Mzee mmoja aliyekuwa kwenye kile kikao akainamisha kichwa, hakukiinua tena hadi tukatoka. Wiki hiyo bango lilishushwa, na mimi nikaacha kazi. Chupa zilizokuwa zimeshauzwa sikuwa na la kuzifanya. Lakini hayo yote yalikuwa rahisi, Baba, kwa sababu hukuwepo kuniangalia.

Siku hizi nikija nyumbani Mama hunipikia, hunitandikia kitanda, huniuliza safari ilikuwaje. Hajawahi kunitamkia neno baya. Ila ninapoondoka hunisindikiza hadi getini, na kunishukuru kwa kuja, kama mgeni.

Pumzika, Baba. Sikuombi kitu.

Ni mimi,
binti yako wa kwanza