Mume Wangu Amenyamaza Tangu Duka la Vitambaa Lilipofungwa

Mama Silvana, shikamoo. Huwa nasoma unavyowajibu wengine, nikijisemea yangu ni ya ndani na yataishia ndani, lakini sasa yamenifika hapa shingoni, na naomba unisaidie kama ungemsaidia mwanao wa kumzaa.

Naitwa Mwanaheri, naishi Sumbawanga mjini, mume wangu anaitwa Lukmani, ni fundi cherehani, na tuna binti mmoja, Sauda, yuko darasa la pili. Ili unielewe lazima nianze na duka. Baba mkwe wangu alikuwa na duka la vitambaa mtaa wa nyuma ya soko, duka refu lenye giza kidogo, majora yamepangwa mpaka darini, na ukiingia asubuhi za mwezi wa sita, baridi yetu ile ya kuuma masikio umeiacha nje, ulipokelewa na harufu ya vitenge vipya na joto la pasi ya mkaa, mzee amekaa mbele anapiga soga na akina mama waliotoka vijijini kuuza mahindi, anawasalimia kwa Kifipa chake kibovu mpaka wanashika mbavu, na kule nyuma ya pazia ndiko alikokuwa Lukmani na mkasi wake.

Ndiko nilikomkuta. Nilikwenda kushonewa gauni la harusi ya dada yangu, akanipima bila kuniangalia usoni hata mara moja, halafu akasema, "Bega lako la kushoto limeshuka kuliko la kulia." Nikachukia, nikatoka mbele kumshtaki kwa mzee kwamba kijana wake hana adabu, mzee akacheka akaniambia, "Hana uongo, mwanangu. Hayo mengine utamzoea." Gauni lilipokamilika lilinikaa kama limeota mwilini, na tangu hapo sijavaa nguo ya fundi mwingine.

Nikamzoea kweli. Chai ilikuwa lazima iwe kwenye kikombe kile kile, wali na mchuzi visigusane, kwenye harusi alikaa nje mpaka ngoma ziishe, na ukimgusia habari za vitambaa atazungumza mpaka uchoke, nyingine zote anaitikia tu. Tulipokuwa wachanga kwenye ndoa nilimuuliza mbona huniambii kama unanipenda, akanijibu bila mzaha wowote, "Nilikuambia siku ya ndoa. Haijabadilika." Nilikuwa na raha, Mama. Nazikumbuka zile jioni za kufunga duka, upepo unapuliza vumbi barabarani, mimi nafagia vipande vya vitambaa, yeye anapanga chaki zake kwa rangi, mzee anatusubiri mlangoni na funguo mkononi, hana haraka.

Mzee alifariki mwaka juzi. Faruk, kaka mkubwa wa mume wangu, akasema vitambaa havina tena soko, watu wanavaa mtumba na nguo za tayari, akalifunga duka, familia nzima ikaingia kwenye biashara ya mabasi, na Lukmani akawekwa stendi kukata tiketi. Stendi unaijua, honi, wapiga debe, kila kibanda na muziki wake. Akaanza kurudi nyumbani haongei, halafu akawa hali, halafu akawa anajipiga kichwani kwa kiganja na kushinda amejifungia stoo, Sauda akimgusa anaruka kama ameungua, cherehani imejaa vumbi.

Mwezi uliopita mabasi mawili yalifika kwa pamoja, abiria wakawa wanagombania viti na kumzonga dirishani, akatoka nje, akakaa chini, akaziba masikio na kulia kwa sauti, yeye ambaye sijawahi kumsikia akilia. Watu wakamzunguka, vijana wakatoa simu wakawa wanarekodi, mmoja anawaambia wenzake mshikaji kapandisha mashetani. Aliyemwokoa ni mama Bertilla, muuza ulezi, mteja wetu wa zamani. Alivua kitenge chake cha mabegani akamfunika nacho kichwa, akawageukia watu akasema, "Huyu ni kijana wa dukani kwa mzee. Rudini nyuma apumue." Nilipofika niliwakuta wamekaa pamoja chini, mama wa watu hamsemeshi, na mume wangu ametulia.

Nikampeleka hospitali. Daktari aliuliza sana habari za utotoni, nikamweleza aliyonisimulia mzee, kwamba alichelewa kusema, kwamba hakucheza na wenzake bali alishinda akipanga vifungo kwa ukubwa. Daktari akasema dalili zote zinaelekea kwenye usonji, kwamba amezaliwa nao, na kwamba sasa juu yake amepata sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Akampa dawa na kutupangia siku ya kurudi. Faruk aliposikia akawaka. "Kwenye ukoo wetu hakuna kichaa," aliniambia. "Huyu amechezewa." Jumamosi anataka kumpeleka Kabwe, kule Ziwa Tanganyika, kwa mganga, na dawa za hospitali ziachwe. Mama yangu mzazi naye anasema nimchukue mtoto nirudi nyumbani kabla sijazeekea kwenye kuuguza.

Mimi sitaki mganga wala sitaki kuondoka, lakini nikisema nabaki, nabaki na nani? Yule Lukmani wangu naona kama alizikwa na baba yake. Pale dukani siku hizi wanauza makava ya simu, na kila nikipita nasimama kama mjinga. Nimkubalie Faruk, nimsikilize mama, au nifanye nini?

Mwanaheri, Sumbawanga.

MAMA SILVANA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mengi ya haya nilikwisha kukuambia kwa simu, na nayaandika hapa kwa ruhusa yenu wote wawili, kwa sababu najua wako wengine wenye Lukmani wao ndani.

Nakupongeza kwanza, maana baadaye nitakugombeza. Umempeleka hospitali na kumsimulia daktari ukweli, umefanya la maana. Usonji si shetani, si laana, wala hakuna mtu aliyemtupia. Ni namna ubongo wake ulivyojengeka tangu tumboni, hauna dawa, na hauhitaji dawa. Sonona ndiyo ugonjwa, na hiyo inatibika. Kwa hiyo vidonge visiachwe kwa neno la shemeji, wala la jirani, wala langu. Wa kuvisimamisha ni daktari. Na ukimsikia anazungumzia kufa, usimwache peke yake, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa nikugombeze. Unamlilia mumeo kama marehemu, naye yuko chumba cha pili. Uliolewa na huyu huyu. Kikombe chake, ukimya wake, kukaa nje ya harusi, vyote unavisimulia kwa mapenzi, ni mambo yale yale ambayo yamegeuka kilio alipowekwa penye kelele. Hajabadilika yeye. Mmempeleka mahali asipoweza kuishi, halafu mnamshangaa.

Wala usinipambie zamani. Mimi nimekulia huku huku Ufipa, na kijijini kwetu alikuwepo mtu wa namna hii, Yusto, tulimpenda sana akiwa shambani, na wageni walipokuja tulimfungia chumba cha nyuma. Kama enzi za duka zilikuwa tamu, ni kwa sababu mtu mmoja, baba mkwe wako, alifanya kazi ya kuzifanya tamu. Kazi hiyo inaweza kufanywa tena.

Kosa lako kubwa ni hili. Faruk amesema lake, mama yako amesema lake, wewe umeniandikia kurasa, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza Lukmani. Ndiyo maana nilipokupigia nikaomba unipe yeye. Nikamuuliza kinachomsumbua. Sikumharakisha. Kisha akasema, "Dukani baba alikuwa mbele. Stendi niko mbele mimi." Nikamuuliza kuhusu Kabwe. Akasema, "Sipajui. Sitaki." Huyo ni mtu mzima mwenye akili zake, amejibu kwa maneno machache kuliko sisi sote.

Kwa hiyo sikiliza. Stendi asirudi, hilo halina mjadala. Kile chumba cha uani ulichoniambia mnawekea magunia kitoeni vitu, kiwekeni cherehani na meza ya kukatia. Wateja uwapokee wewe barazani, upatane nao wewe, yeye akabidhiwe kitambaa na vipimo. Akina mama Bertilla wapo, watakuja. Usimlazimishe aanze kesho. Sauda mfundishe kuuliza kabla ya kumgusa baba yake, na umweleze kwa nini, maana mtoto asipoelezwa anadhani hapendwi. Mama yako mshukuru na mwambie huondoki, lakini ukichoka nenda kwake ukapumzike, kuchoka si dhambi.

Amebaki Faruk. Namba yangu ulimpa, umefanya vizuri, na alinipigia Ijumaa. Alianza kwa ukali. Nikamwacha aseme. Alipomaliza nikamuuliza wakiwa watoto walikuwa wakiishije na mdogo wake, na sauti ikabadilika. Akaniambia mzee alikuwa akimtuma amtangulie Lukmani njia ya madrasa, awafukuze mbwa, awaambie wenzao wasipige kelele, ndipo mdogo wake apite. Alifanya hivyo kwa miaka. "Nilikuwa najisikia mkubwa," alisema. Nikamuuliza ni lini aliacha. Akakata simu, na Jumamosi gari la Kabwe liliondoka bila wao.

Mtu huyo si adui yako, Mwanaheri. Amefiwa na baba kama mumeo alivyofiwa, na kwa hofu amekimbilia asikokujua. Siku ya kurudi kliniki usimwombe nauli wala gari. Mwombe yeye mwenyewe aje, aingie kwa daktari, asikie kwa masikio yake. Mwambie afike mapema kidogo, atafute benchi la pembeni palipo kimya, akae hapo mpaka mdogo wake atakapofika.