Herufi za Yasinta

Penina, uko? Nimeaibika leo, hata sijui nianzie wapi.

Kuna dada kanifuata hapa Majengo, simjui kabisa. Anaitwa Yasinta, anakaa Ihumwa. Kanionyesha simu yake, naona nembo niliyoitengenezea programu yetu ya bei za nafaka. "Hizi herufi nimezichora mimi, kaka. Miezi minane."

Mimi najichekesha, namwambia nilizipakua bure mtandaoni.

"Bure kwa matumizi binafsi, kama kadi ya harusi ya dada yako. Masharti uliyasoma?"

Sikuyasoma, Penina. Sikuyasoma.

Na si nembo tu. Faili zima la herufi zake nililiweka humo pamoja na programu, kwa sababu yetu ni huria, kila mtu achukue. Nilijiona mwema. Watu mia mbili wameshalichukua, hata kabla hatujazindua. Nani atanunua tena herufi zake?

Hakunifokea. Angenifokea ningepumua. Kauliza tu, "Utaliondoa lini?" Nikasema, kabla hujafika nyumbani.

Nikampigia Sostenes, kiongozi wa timu yetu, nikamwambia naliondoa. "Kesho tunazindua. Ukigusa kitu, huna timu." Na tangu tumalize chuo sina kazi nyingine, unajua.

Nimefuta, faili na nembo. Zile nakala mia mbili hazirudi, najua, na Yasinta anajua.

Sostenes kashanitoa kwenye kundi.

Yasinta kaandika sasa hivi kwamba anashuka kwenye bajaji, mlangoni kwake. Nimemjibu kwamba tayari.