Chumba Kisicho na Dari

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, kifundo cha mguu kimepona, na mafundi wako wanakusikia bila wewe kupaza sauti. Sisi hatujambo. Magoti yangu hunikumbusha umri kila nipandapo ngazi, na wifi yako anasema kimya chako kimerefuka kupita shingo ya twiga.

Baba anaendelea. Kiharusi bado kimemfunga ulimi na mkono wa kulia haujarudi, ila wa kushoto una bidii ya mikono miwili. Kwenye simu uliniuliza uje kufanya nini kwa mtu asiyeweza kusema, ambaye hata alipoweza alitumia ulimi huo kukukatalia kazi mbele ya mafundi wake. Sasa ninalo jibu, lakini nitalizungukia kidogo. Unanijua: sionyeshi nyumba bila kuanzia msingi.

Unaukumbuka ule mchezo wa kompyuta ninaouendesha na wanafunzi wangu wa zamani, usio na picha hata moja? Kila kitu ni maneno. Mchezaji huandika kwamba anakwenda kaskazini, maneno yakamwambia amefika sokoni, na wachezaji wengine waliomo sokoni humwona akiingia, wakamsalimu au wakamkimbia. Uliwahi kusema ni mchezo wa watu waliokosa televisheni. Basi mtaalamu wa mazoezi aliposhauri Baba apewe kitu cha kuchapa kwa mkono wa kushoto, nilimsajili humo, nikidhani atauchoka chai haijapoa.

Hakuuchoka. Msimamizi wa ujenzi ni msimamizi hata akiwa kitini. Kijana mmoja alijenga mnara mrefu, Baba akamuuliza ngazi ziko wapi. Kijana akamjibu kwa heshima kwamba huo ni mnara wa uchawi, mzee. Baba akamwandikia kwamba mchawi naye ana magoti. Tangu hapo wanamwita Bosi na kumletea kazi zao azikague. Wifi yako anasema mzee amepata vibarua wasiodai mshahara, nasi tumepata kupumua.

Kisha akataka kujenga mwenyewe. Nikamfundisha zile amri ambazo seva, yaani kompyuta inayobeba mchezo, ilikuja nazo. Mimi huziita amri za kuzaliwa nazo, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyezitunga. Ipo ya kuumba kitu, ipo ya kumhamisha mtu kutoka chumba hadi chumba, ipo ya kumnong'oneza mmoja bila wengine kusikia, na ipo ya kuuliza kama fulani yumo mchezoni wakati huu. Ni kama mbao na misumari: si nyingi, lakini anayejua kuzipanga hupata nyumba. Chukua mfano wa mlango. Mwenye mlango huuandikia sharti, na kila mtu anapofika, seva hulitazama kwanza. Akilitimiza, huhamishiwa ndani; asipolitimiza, hubaki nje na kuonyeshwa maneno ambayo mwenye mlango amemwachia. Nililieleza jambo hili hata Baba akanipungia mkono nifunge mdomo nimpishe afanye kazi.

Ndipo siku moja akabadilika. Aliisukuma kibodi, akageukia ukuta, akakataa chakula. Siku ya pili vivyo hivyo. Wifi yako akahofia ni kiharusi kingine, lakini daktari alimpima asione jipya. Nikafungua kumbukumbu za seva, mahali inapoandika kila amri iliyoshindikana. Nikakuta Baba amejenga chumba, ametia mlango, na kila alipojaribu kuuandikia sharti, seva ilimrudishia jibu lile lile, kwamba hakuna mtu wa jina hilo. Sharti lilimruhusu mtu mmoja tu kuingia. Jina alilolichapa, tena na tena, ni Pimamaji.

Nani mwingine aliyepata kuitwa hivyo, mdogo wangu, na nani mwingine aliyekuwa akikuita hivyo? Wewe ndiye uliyebeba pimamaji yake, kile kifaa cha kupimia usawa wa ukuta, nyumba nzima, ukipima meza, vitanda na kichwa cha bibi. Seva haikukosea. Sharti la namna ile hutaka mchezaji aliyesajiliwa, nawe hukuwa umesajiliwa. Lakini jiweke mahali pa mzee asiye na ulimi, anayemtaja binti yake kwa kidole kimoja, herufi moja moja, akajibiwa kwamba hakuna mtu kama huyo.

Hapa nakuungamia: nimekusajili kwa jina hilo bila ruhusa yako. Nikageuza kiti chake, nikamwomba ajaribu mara moja tu. Akachapa polepole, seva ikakubali. Alinishika mkono asiuachie mpaka chakula kikapoa, kisha akakila hivyo hivyo.

Kwa kuwa mimi ndiye mwenye seva, hakuna mlango unaoweza kunizuia. Huu sijauingia. Nilibisha hodi kama mchezaji yeyote, ukaniambia, "Kazi imesimama. Tunamngoja fundi." Ninachojua ni kile tu kinachoonekana na kila mpita njia: chumba kina sakafu na kuta tatu, hakina dari, na mwenye idhini ya kujenga humo ni wewe peke yako. Ni Baba yule yule aliyesema binti yake hatapanda jukwaa lake la ujenzi.

Kila asubuhi, hata uso hajanawa, huiuliza seva kama Pimamaji yumo. Inamjibu kwamba hayumo. Jibu hilo halimvunji moyo. Huitikia kwa kichwa, akaendelea na shughuli zake.

Neno lako la siri nitakutajia kwa simu, maana barua hupita mikono mingi. Ukiweza kuja mwenyewe, kitanda chako kimetandikwa. Usipoweza, basi ingia kwa mlango ule. Usianze na lawama, wala usimwombe akuombe radhi. Mwambie ukuta wa kushoto umepinda. Atajua ni wewe, na atabisha mpaka jioni.

Wasalimie mafundi wako, na mguu huo usiupandishe ngazi kabla haujapona sawasawa. Wifi yako amesimama nyuma yangu, anasema nimeeleza mno, nikunje karatasi.

Nakupenda sana,
Kaka yako