Sakafu ya Bafuni

3 Februari

Mkwe wangu,

Salamu nyingi. Hujambo? Na Kibonge, mjukuu wangu, anakua? Mimi mzima, ila mkono. Niliteleza bafuni ukavunjika, wamenifunga plasta. Naandika kwa kushoto, usinicheke, kuku akiparura anaandika vizuri kuliko mimi.

Mumeo ameacha pombe, au tuseme amepunguza. Anakuulizia. Rudi nyumbani, mtoto anahitaji baba.

Mama Mkwe

17 Februari

Mama,

Shikamoo. Pole kwa mkono. Sisi wazima. Kibonge siku hizi kila kitu ni "hapana", hata pipi anaikataa huku anaimeza. Nikiwa kazini analala kwenye tenga la mashuka safi, mimi napiga pasi mpaka miguu inavimba.

Barua yako niliisoma nikiwa kwenye pasi, shuka likaungua. Mama, bafu lile nimelisugua tangu nilipoolewa. Sakafu yake inakwaruza nyayo, hata sabuni haitelezi pale. Mimi nami "niliteleza" humo. Wewe ndiye uliyenifundisha la kumwambia nesi, tukiwa kwenye foleni. Na kabla ya hapo, nilipokuwa napiga kelele, nilikusikia chumbani kwako ukiongeza sauti ya redio.

Kwake sirudi, usiniombe tena. Niambie tu: ni yeye?

Mwanao

20 Machi

Mama,

Shikamoo tena. Uko salama? Kimya chako kimenijibu.

Nimekuwa na hasira na wewe kuliko na yeye, maana wewe nilikuwa nakuita mama. Nilijiapiza kwamba yakikufika nitasema, "Sasa umeona." Juzi nimejaribu kulisema, nikikunja mashuka. Halikutoka. Nikalia, mpaka mwenzangu akauliza kama mvuke umenichoma.

Nimekusamehe. Sijasahau, redio ikipandishwa sauti bado natoka nje. Lakini kukubeba moyoni kumenichosha, na mtoto wa kubeba ninaye.

Njoo. Chumba ni kimoja, kitandani tutabanana, na Kibonge anapiga mateke usingizini. Njoo peke yako, usimwambie uendako. Akikufuata, mlango simfungulii.

Mwanao

11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Umenisalimu mara mbili sikuitikia.

Leo wamenitoa plasta. Mkono umekonda, na vidole vya mwisho havikunjiki. Nesi alikuwa yule yule mnene wa siku yako. Akaniuliza tena nilivunjikaje. Nikafungua mdomo niseme bafu, nikaona uso wako kwenye ile foleni. Nikamwambia ni mwanangu. Wa kumzaa mwenyewe.

Akaweka kalamu chini. Akaniuliza, "Na yule binti uliyemleta siku ile?"

Nikamwambia, naye hakuteleza.

Nitapanda basi la Alhamisi. Ukiniona stendi usinikimbilie, nitalia mbele za watu. Mtume Kibonge aje kwangu. Akisema "hapana", nitamngoja.

Mama