Korongo Akikosewa Huhama

Baba,

Wewe ni mama yangu, lakini kwetu kwa Ekegusii mama huitwa "baba", na sitakubadilishia jina leo eti kwa sababu naandika Kiswahili. Ingawa neno hilo limeniponza tangu tukuzike.

Mpima ardhi alikuja kutugawia shamba. Si mtu wa huku, basi kikao kikawa cha Kiswahili. Nikasimama, nikasema, "Baba alisema kile kinamasi kisikaushwe." Kaka Nyakundi akadakia, "Baba gani? Baba alisema tupande mikaratusi tuuze nguzo!" Alijua vizuri ninamsema nani. Na kweli mume wako, Mungu amrehemu, alisema hivyo. Nilipoanza kueleza kuwa ni wewe, watu walikuwa wanacheka na mpima ameshakunja karatasi zake.

Mtaro umechimbwa, Baba. Matete yamefyekwa. Wale korongo wawili wenye taji walisimama kwenye tope siku chache, pale pale kilipokuwa kiota chao, kisha wakaruka kuelekea Ekerenyo. Kijiji kizima kilitoka kuwaangalia. Hata Nyakundi alisema, "Wazuri kweli. Pole yao." Kwa vyura wa matete hakuna aliyetoka. Wale wadogo wa kijani, ambao ulininyamazisha tukichota maji ili tuwasikilize, niliwakuta wamekauka kwenye nyufa za udongo. Niliwazoa kwa kiganja. Nililia kuliko nilivyolia kaburini kwako, nisamehe.

Korongo na chura wote huzaa penye maji, na wote wanaisha huku Nyamira. Ila ulikuwa ukisema, "Korongo akikosewa huhama, chura hufia kwao." Nilidhani ni utani wa kuniharakisha niolewe. Kumbe!

Sehemu niliyopewa ni ukanda mwembamba kando ya chemchemi. Bado kuna unyevu, na jana nilisikia chura mmoja, mmoja tu, akiita bila kujibiwa. Nyakundi amepanda miche yake ya mikaratusi, inayonyonya maji, mpaka huko, kana kwamba sipo. Amesema nikiigusa mimi si dada yake tena, na nitafute kwingine kwa kuzikwa. Naogopa, Baba. Mwanamke asiye na mume, aliyefukuzwa kwao, huzikwa wapi?

Lala salama. Jumapili, Sabato ikiwa imepita, nitaing'oa miche yote, mchana, yeye akiwa amesimama pale.

Binti yako,
Kemunto