Mgonjwa wa Maji

Mjukuu wangu Neema,

Natangaza rasmi, mbele ya ukoo wote, kwamba birika letu la hapa mtaani Hjulsta, huku ughaibuni, limestaafu. Bibi yako amepokea habari hizo kwa utulivu. Anakusalimu.

Umeuliza kama naogopa kupigwa mionzi kwa ajili ya hii saratani ya tezi dume. Ujanani nilikuwa mfagizi hospitalini. Asubuhi moja nilikuta tangi la maji limeachwa chini ya mashine ya mionzi. Nikayamwaga yote, nikalisugua tangi likang'aa. Mara akaingia mama wa vipimo, aliyekuwa akikagua nguvu ya mionzi ya mashine.

"Umemwaga mgonjwa wangu," akasema.

"Samahani, mama. Hakulalamika."

Akacheka. Tukalijaza upya, akaniita chumba cha pili nitazame kwenye skrini. Kipimo chembamba kama kalamu kilitembea majini polepole, na mstari ukachora mionzi ilipo kali na inapofifia.

"Maji yanashika nafasi ya mwili wa mgonjwa," alisema.

Nilisimama kama naota, nikimwaza mtu nisiyemjua, ambaye maji yale yalikuwa yamemtangulia chini ya mashine.

Naogopa kidogo, Neema. Ila najua kuna mtu ameshapima.

Naanza Jumatatu. Wamesema ninywe glasi tatu za maji na nisiende chooni kabla ya mionzi, kibofu kibaki kimejaa.

Babu yako