Nilisema "Kingine, Bwana?" Mbele ya Kamati

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako maana Alhamisi nilijiharibia kwenye usaili, na Jumatatu naitwa tena. Mimi ni mke wa Damas wa hapa Kwihara, duka letu la ushirika linatafuta muuzaji nami nimeomba, na siku hiyo ya usaili mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Shilinde, akaniuliza mbele ya kamati kama nimewahi kuajiriwa na mfanyabiashara binafsi, na kwa kuwa wiki nzima watu kisimani walisema aliyewatumikia wanyonyaji hatapewa funguo za duka la wananchi, nikajibu sijawahi, mimi ni mtu wa jembe tu, kumbe miaka minne niliuza dukani kwa Popatlal mjini Tabora, na mkewe Maniben ndiye aliyenifundisha kupima, kufunga, hata kumjibu mteja mwenye hasira, mpaka walipofunga duka wakahamia Dar es Salaam. Basi katibu, Ndugu Yoramu, akaniwekea mizani, sukari na ukurasa wa gazeti, akasema yeye ni mteja, anataka nusu kilo, nikapima, nikauviringa ule ukurasa, nikakunja ncha bila uzi, mikono ikienda yenyewe, nikamkabidhi, na mdomo nao ukasema, "Kingine, bwana?" kama nilivyozoea kwa Popatlal, wakati kijijini kwetu hakuna bwana, sote ni ndugu. Mjumbe mmoja wa kamati, Mama Veneranda, akaziba mdomo kwa khanga, na mwenyekiti akasema tu, "Njoo tena Jumatatu, dada." Damas anataka nishikilie kwamba nilijifunza kwa kutazama nikienda kununua, lakini naona haya, na kazi hii naitaka sana, mgongo umechoka na jembe na duka nalipenda. Nishikilie au niseme?

Mwenye Wasiwasi, Kwihara

Mwenye Wasiwasi, pole, lakini umejitakia. Unadhani wajumbe hao hawajawahi kununua sukari mjini? Walikutambua kabla hujamaliza kukunja karatasi, na Mama Veneranda alikuwa akijizuia kucheka. Asiyetakiwa haitwi tena Jumatatu, huambiwa asubiri barua, na barua haiji.

Hilo neno "bwana" lisikuumize kichwa, ulimi utazoea "ndugu" ndani ya wiki moja. Kinachoniudhi ni lile "sijawahi". Mwanamke amekufundisha kazi miaka minne, wewe umemfuta kwa neno moja kwa sababu ya maneno ya kisimani. Hukuwa mwenye duka, ulikuwa mfanyakazi, na sijasikia siasa inayomkataza mfanyakazi kuijua kazi yake. Damas naye mwambie apumzike, hakuna anayejifunza kufunga sukari bila uzi kwa kutazama.

Jumatatu fika kabla hawajakuita. Salimia, usikae, useme: "Ndugu Mwenyekiti, Alhamisi nilisema uongo. Niliuza kwa Popatlal miaka minne, na mkewe Maniben ndiye aliyenifundisha." Kisha nyamaza. Usilie, usiongeze hadithi, ukiulizwa ujibu. Huenda ukaikosa kazi, sikufichi, na itakuuma. Lakini ukiipata kwa uongo utasimama pale dukani ukimwogopa kila mteja anayetoka mjini, na siku sukari itakapopungua kwenye gunia, hata kama ni panya, nani Kwihara atakuamini ukisema si wewe?